Amana, Ushahidi na Ahadi: Maana ya Kuunganisha Programu ya Barua Pepe na Seva

Kuunganisha programu ya barua pepe ya kompyuta na seva ni tendo la kukabidhi. Mtu hujaza jina, anwani na nenosiri, programu hutafuta seva, na baada ya muda mfupi barua huanza kushuka na miadi kujipanga kwenye kalenda. Katika muda huo mfupi mtumiaji ameamini mambo mengi asiyoyaona: kwamba seva aliyoifikia ndiyo aliyoikusudia, kwamba njiani hakuna anayesikiliza, kwamba wanaozitunza barua zake hawatazigeuza mali yao, na kwamba saa iliyoandikwa kwenye mwaliko ndiyo iliyokusudiwa na mwalikaji. Swali lililomo ndani ya kazi hii limewashughulisha wanafalsafa na wanazuoni tangu zamani: ni lini inajuzu kwa mtu mwenye akili timamu kuamini asichoweza kukihakiki mwenyewe?

Jibu linalotetewa hapa ni kwamba imani ya namna hiyo haiepukiki, ila huwa sahihi pale tu mtu anapojua amemwamini nani, kwa kiasi gani, na kwa njia ipi ataweza kukirudisha alichokabidhi. Hatua za uunganishaji zinalipima jibu hilo moja baada ya nyingine. Mfano utakaofuatwa ni Thunderbird, programu huria ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka Desemba 2004, kwa kuwa msimbo wake uko wazi kwa yeyote na hatua zake zinajulikana vizuri.

Kukubali ushuhuda

Hatua ya kwanza ni kujua seva iko wapi. Barua pepe hutegemea itifaki zilizogawana kazi. SMTP, iliyoandikwa na Jonathan Postel mwaka 1982, hupeleka barua. IMAP, iliyobuniwa na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1986, huzileta, na POP hufanya kazi hiyo kwa namna yake. Kila itifaki inadai jina la seva, namba ya poti na aina ya ulinzi. IMAP iliyosimbwa tangu mwanzo hupita poti 993 na POP hupita 995. Kutuma hupita 465 au 587, na poti 25 imebaki kuwa ya seva kuzungumza na seva nyingine.

Watumiaji wengi hawazijui namba hizo wala hawana haja ya kuzikariri. Thunderbird huzitafuta yenyewe kwa utaratibu maalumu. Hutazama kwanza kama kompyuta ina faili la mipangilio lililowekwa na msimamizi. Halafu hukiuliza kikoa cha anwani ya mtumiaji kama kimechapisha maelekezo. Halafu hufungua hifadhidata ya watoa huduma inayotunzwa na mradi wa programu hiyo. Zote zikinyamaza, hukisia majina yaliyozoeleka, kama imap au mail mbele ya kikoa, na kujaribu poti moja baada ya nyingine. Kila hatua ni kupokea kauli ya mtu mwingine: msimamizi, mwenye kikoa, watunza hifadhidata. Ya mwisho haina hata msemaji; ni dhana.

David Hume, katika kitabu chake cha mwaka 1748 juu ya ufahamu wa binadamu, alishikilia kwamba ushuhuda hauna nguvu ya kwake wenyewe. Watu huuamini kwa kuwa uzoefu umewaonyesha kwamba mara nyingi unaafikiana na ukweli, na mwenye hekima huipima imani yake kwa uzito wa ushahidi. Mskoti mwenzake, Thomas Reid, aliandika mwaka 1764 kwamba mwanadamu huumbwa na mwelekeo wa kuamini anachoambiwa, na kwamba bila mwelekeo huo mtoto asingejifunza chochote kwa wakubwa wake. Programu inayojipangia mipangilio huanza pale alipoanza Reid: hupokea kwanza. Mtumiaji makini huongeza kipimo cha Hume: kabla ya kubonyeza kitufe cha kuthibitisha, husoma majina ya seva yaliyoletwa na kuyalinganisha na maelekezo ya mtoa huduma wake.

Hata hivyo kulinganisha nako kuna ukomo, kwa sababu maelekezo hayo yameandikwa na mtu, na ukurasa yalimosomwa umeletwa na seva nyingine. Abu Hamid al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alieleza katika kitabu chake juu ya kuokoka na upotofu jinsi shaka ilivyomfikisha mahali asipoweza kuamini macho wala akili yake, na jinsi alivyotoka humo bila msaada wa hoja, kwa nuru aliyotiwa kifuani na Mwenyezi Mungu. Funzo la kisa hicho kwa mada hii ni kwamba shaka isiyo na mpaka haiponywi kwa kuongezewa hoja. Anayetaka kuhakiki kila kitu kabla ya kufungua akaunti hataifungua kamwe. Kazi ya akili ni kuchagua mahali pazuri pa kusimama.

Mnyororo wa vyeti na mnyororo wa wapokezi

Seva ikishapatikana, programu huitaka ijitambulishe. Seva huonyesha cheti cha kidijitali chenye jina lake na ufunguo wake wa wazi, kilichotiwa saini na mamlaka ya vyeti. Mamlaka hiyo nayo ina cheti kilichotiwa saini na iliyo juu yake, hadi kufikia cheti cha mzizi ambacho tayari kimo katika orodha inayokuja na programu. Programu hukagua saini za mnyororo mzima, hukagua tarehe ya kuanza na ya kwisha, na hutazama kama jina lililo kwenye cheti ndilo la seva iliyoitwa. Kimoja kisipolingana, dirisha la onyo hufunguka.

Wanazuoni wa Hadithi walikabili tatizo linalofanana na hili karne nyingi kabla. Kauli iliyonasibishwa na Mtume ilipomfikia mwanafunzi wa karne ya 9 huko Bukhara au Naisaburi, hapakuwa tena na mtu hai aliyeisikia kwake. Imam Bukhari, aliyefariki mwaka 870, na Imam Muslim, aliyefariki mwaka 875, waliipima kauli pamoja na isnadi yake, yaani safu ya watu waliopokezana. Mnyororo ulitakiwa usikatike. Bukhari alitaka ithibitike kwamba mpokezi na aliyepokea kwake walikutana. Muslim aliridhika kuwa waliishi zama moja na kukutana kwao kuliwezekana. Zaidi ya hapo, kila mpokezi alichunguzwa kwa mambo mawili: uadilifu wake, na umadhubuti wake katika kuhifadhi na kufikisha. Kutokana na haja hiyo ilikua elimu nzima ya kuchambua maisha ya wapokezi.

Minyororo hiyo miwili inafanana katika umbo na kutofautiana katika jambo zito. Ukaguzi wa vyeti hupima kuunganika tu, na uadilifu huuacha kando. Cheti halali kinasema kwamba anayezungumza ana mamlaka juu ya kikoa fulani. Hakisemi kwamba ni mwaminifu. Let's Encrypt, iliyoanza kutoa vyeti bila malipo mwaka 2015, huhakiki kwa mashine kwamba mwombaji anakidhibiti kikoa chake, na tapeli aliyesajili kikoa hupata cheti sawa na inavyokipata hospitali. Huo si udhaifu wa Let's Encrypt, kwa sababu kazi ya cheti ndivyo ilivyowekewa mipaka. Kosa huwa la mtumiaji anayeichukua alama ya kufuli kuwa ni shahada ya tabia njema.

Mwaka 2011 ulionyesha kinachotokea mzizi wenyewe unapooza. Wavamizi waliingia katika mifumo ya DigiNotar, mamlaka ya vyeti ya Uholanzi, wakatoa zaidi ya vyeti 500 vya uongo. Kimojawapo kilibeba jina la Google na kilitumika dhidi ya watumiaji wa Iran. Kihesabu saini zake hazikuwa na dosari. Watengenezaji wa vivinjari na wa programu za barua waliifuta DigiNotar katika orodha zao, na Septemba mwaka huohuo kampuni hiyo ikafilisika. Mwaka 2013 kilichapishwa kiwango cha daftari za wazi, ambamo vyeti vinavyotolewa huandikwa ili yeyote aweze kuvikagua. Hatua hiyo iliikaribia elimu ya wapokezi: haikutosha tena kuona mnyororo umeungana, ilibidi mwenendo wa walio ndani yake uwe mbele ya macho ya watu.

Ukristo wa mwanzo ulilijua tatizo hili katika barua zenyewe. Waraka wa Pili kwa Wathesalonike unawatahadharisha wasomaji juu ya barua inayodaiwa kutoka kwa Paulo, na mwishoni unautaja mwandiko wa mkono wake kuwa alama katika kila waraka. Waraka kwa Warumi uliandikwa kwa mkono wa Tertio, na unamsifu Fibi, ambaye wafafanuzi wengi wanaona ndiye aliyeupeleka Roma. Waumini walimtegemea mwandishi, karani na mpelekaji kwa pamoja. Na bado wataalamu wa Agano Jipya hawakubaliani kama Waraka huo wa Pili wenye alama ya mkono ni wa Paulo mwenyewe. Alama ya uhalisi nayo inahitaji kuaminiwa, na kuaminiwa kwake hutoka nje yake.

Kwa hiyo dirisha la onyo lina uzito wa kimaadili. Kulipuuza na kukubali cheti kisicholingana ni kupokea kauli isiyo na mpokezi. Kuna hali moja inayoruhusu kukubali: seva ya taasisi inapotumia cheti ilichojisaini yenyewe, na msimamizi anayefahamika akamsomea mtumiaji ana kwa ana, au kwa simu, alama ya utambulisho ya cheti hicho, naye akailinganisha na iliyo mbele yake tarakimu kwa tarakimu. Hapo ushahidi haujaondolewa. Umehama kutoka kwenye mnyororo kwenda kwa mtu anayejulikana.

Nenosiri na uwakala

Kwa miaka mingi programu ilikabidhiwa nenosiri lenyewe na kuliwasilisha kwa seva kila ilipounganika. Nenosiri halina mipaka. Anayelishika anaweza kusoma barua, kutuma kwa jina la mwenyewe, kubadilisha mipangilio na hata kumfungia nje. Mwanafalsafa Annette Baier, katika makala yake ya mwaka 1986 juu ya uaminifu, alieleza kwamba kumwamini mtu ni kumwachia kitu chenye thamani akitunze kwa hiari yake, na hiari hiyohiyo ndiyo inayompa uwezo wa kudhuru. Kwa kipimo hicho, kutoa nenosiri ni kuamini kwa ukomo wa juu mahali ambapo kiasi kidogo kingetosha.

OAuth 2.0, kiwango kilichochapishwa Oktoba 2012, kilibadilisha mpango huo. Programu hufungua dirisha la mtoa huduma, mtumiaji hujitambulisha humo, huonyeshwa ruhusa zinazoombwa, na akikubali programu hupewa tokeni. Tokeni ina mipaka ya kazi iliyotajwa, na mwenye akaunti anaweza kuifuta bila kubadilisha nenosiri. Microsoft ilianza Oktoba 2022 kuzima kwa upana uingiaji wa nenosiri tupu katika Exchange Online, huduma yake ya barua pepe, na hivyo programu nyingi zililazimika kufuata njia ya tokeni.

Sheria ya Kiislamu inautambua mpango wa aina hii katika mlango wa uwakala. Wakili hutenda kwa jina la aliyemweka, ndani ya alichoruhusiwa, na akivuka mpaka hubeba jukumu la alichokifanya. Aliyemweka ana haki ya kumwondoa. Mashine haina dhamira ya kubeba jukumu, na kwa hiyo programu haiwezi kuitwa wakili kwa maana kamili. Wanaobeba jukumu ni walioitengeneza na aliyeipa ruhusa. Lakini sharti la mipaka na la kuondolewa linabaki kuwa kipimo kizuri cha ruhusa yoyote. Programu ya barua inayoomba kusoma barua na kalenda imeomba inachokihitaji. Ikiomba zaidi, swali la sababu ni la haki kabisa.

Jukumu haliishii kwenye mtandao. Thunderbird huhifadhi nenosiri au tokeni ndani ya kompyuta, na pasipowekwa nenosiri kuu, yeyote anayeifungua programu hiyo anaweza kuyasoma manenosiri yaliyohifadhiwa. Katika kompyuta inayotumiwa na wengi, nyumbani au ofisini, kuacha bila kufunga ni kuwaweka wengine kwenye jaribu wasiloliomba.

Barua iko mikononi mwa nani

Uchaguzi kati ya IMAP na POP huonekana wa kiufundi, lakini kinachoamuliwa ni nani mtunzaji. Kwa desturi, POP hushusha barua hadi kwenye kompyuta na kuzifuta kwenye seva, isipokuwa mipangilio imeagiza ziachwe. Kwa IMAP, asili hubaki kwenye seva na kompyuta hushika nakala. Barua ikifutwa kwenye simu hutoweka pia kwenye kompyuta ya mezani, kwa sababu vyote viwili vinatazama ghala moja.

Anayechagua IMAP amemweka mtoa huduma kuwa mwekwa amana. Aya ya 58 ya Sura ya Nisaa inaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe, na wanafiqhi wameujenga mlango mzima juu ya wadia, yaani mali iliyowekwa kwa mtu aihifadhi. Kanuni zake mbili zinahusika hapa moja kwa moja. Ya kwanza: mwekwa amana halipi mali ikipotea bila uzembe wala uvunjaji wa masharti. Ya pili: haruhusiwi kuitumia bila idhini, na akiitumia, ulinzi wa kanuni ya kwanza humwondokea. Seva iliyoungua ikiwa imetunzwa ipasavyo haina lawama. Seva inayochambua yaliyomo ili kujinufaisha inahitaji idhini, hata kama hakuna herufi moja iliyopotea.

Mfano uko wazi. Kwa miaka mingi mashine za Google zilichambua maudhui ya barua za Gmail ili kulenga matangazo. Juni 2017 kampuni hiyo ilitangaza kuacha kufanya hivyo. Watetezi wa utaratibu ule walisema watumiaji waliukubali mkataba. Hapo ndipo penye swali gumu: je, idhini iliyomo ndani ya mkataba mrefu ambao karibu hakuna anayeusoma ni idhini? Mikataba katika fiqhi huharibiwa na kutojulikana kwa kitu kinachouzwa, na idhini ya asiyejua anachokiidhinisha ina kasoro ya aina hiyo. Onora O'Neill, katika mihadhara yake ya mwaka 2002 iliyotangazwa na BBC, alisisitiza kwamba lengo lisiwe kuongeza uaminifu kwa jumla, bali watu waweze kuuweka kwa wanaoustahili na kuunyima wasioustahili. Hilo linawezekana tu kama mwenye ghala anaeleza kwa lugha nyepesi anachokifanya. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya ulinzi wa taarifa binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zimeugeuza wajibu huo kuwa wa kisheria kwa wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu.

Anayechagua POP hajaikwepa amana, ameichukua yeye. Barua alizonazo si zake peke yake. Zimebeba maneno ya waliomwandikia: ugonjwa alioelezwa na ndugu, deni la rafiki, siri ya muumini aliyemwandikia kasisi au sheikhe wake. Kwa hiyo kuisimba diski ya kompyuta na kuweka nakala rudufu mahali salama ni wajibu kwa watu wengine, wala si hiari ya mpenda usalama. Hali kadhalika, ulinzi wa TLS kati ya programu na seva huilinda njia na kuliacha ghala kama lilivyo: barua ikifika, mwenye seva anaweza kuisoma. Anayetaka hata mwenye seva asisome hutumia usimbaji wa mwisho kwa mwisho, kama OpenPGP, uliotokana na programu ya PGP ya Phil Zimmermann ya mwaka 1991 na uliojengwa ndani ya Thunderbird tangu toleo la 78 la mwaka 2020. Humo kila mtu huhakiki ufunguo wa mwenzake mwenyewe, na mzigo wa kuchagua mahali pa kusimama unamrudia mtumiaji mzima mzima.

Kalenda na ahadi

Kalenda huunganishwa kwa itifaki nyingine. CalDAV, iliyochapishwa mwaka 2007, hubeba matukio yaliyoandikwa kwa muundo wa iCalendar, uliotoka mwaka 1998 na kurekebishwa mwaka 2009. Katika Thunderbird mtumiaji huchagua kalenda mpya ya mtandaoni, huandika jina la mtumiaji na anwani ya seva, na programu humworodheshea kalenda ilizozikuta. Huchagua azitakazo, huamua kama kalenda fulani iwe ya kusomwa tu, na huweka muda wa kuburudisha.

Barua hueleza yaliyopita au yaliyopo. Kalenda husema yatakayokuwa. Mwaliko unapofika, programu hutoa majibu matatu: kukubali, kukataa au kusema labda. Jibu hurudi kwa mwalikaji na kuandikwa. Kwa Waswahili ahadi ni deni, na deni lililoandikwa lina uzito zaidi. Urahisi wa kitufe haupunguzi uzito huo. Anayekubali kila mwaliko ili kuwaridhisha walikaji, huku akijua hatahudhuria, amesema uongo kwa mfumo uliobuniwa kusambaza neno lake kwa watu wengi kwa wakati mmoja.

Dini zote mbili kubwa za Afrika Mashariki zinaiwekea ahadi ya kesho sharti. Sura ya Kahf, katika aya ya 23 na ya 24, inamkataza mtu kusema atafanya jambo kesho bila kuliambatanisha na mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Waraka wa Yakobo, sura ya 4, unawakemea wanaopanga safari na biashara za mwaka mzima bila kusema Bwana akipenda. Huenda ikadhaniwa kwamba jibu la labda katika kalenda linatosheleza sharti hilo. Halitoshelezi, kwa kuwa mambo hayo mawili yana vyanzo tofauti. Labda hueleza nia isiyokamilika: mtu hajaamua. Inshallah ya kweli huja juu ya nia iliyokamilika: mtu ameamua, na anakiri kwamba uwezo wa kutimiza si wake peke yake. Anayetumia jina la Mungu kuficha kutokuamua kwake amelitumia vibaya, na anayebonyeza labda kwa unyenyekevu wa kidini amemwacha mwalikaji bila jibu. Mwenye imani anakubali wazi, na sharti la mapenzi ya Mungu linabaki moyoni na katika kauli yake.

Kalenda ya pamoja huzusha jambo la pili: nani aone nini. Seva nyingi huruhusu mwenye kalenda kuwaonyesha wengine kwamba ana shughuli bila kuonyesha ni shughuli gani. Muundo wa iCalendar pia una alama ya tukio la faragha, lakini alama hiyo ni ombi tu. Huheshimiwa kama seva na programu ya upande wa pili zimeundwa kuiheshimu. Miadi ya kliniki au kikao cha usuluhishi wa ndoa haifai kulindwa kwa ombi. Iwekwe kwenye kalenda isiyoshirikiwa.

Wakati wa nani

Ili ahadi itimizwe, pande zote lazima zikubaliane juu ya saa. Tukio huandikwa pamoja na ukanda wa saa wake, kama Africa/Nairobi, unaotangulia saa ya ulimwengu kwa saa 3 mwaka mzima. Kikao kinachojirudia kila wiki, kilichowekwa na mtu wa London saa 15:00, humfikia mkazi wa Dar es Salaam au Kampala saa kumi na mbili jioni wakati wa baridi ya Ulaya na saa kumi na moja jioni wakati wa kiangazi chake, kwa sababu Uingereza husogeza saa zake na Afrika Mashariki haisogezi. Kompyuta haikukosea. Ahadi ilifungwa kwenye saa ya mwalikaji, na anayekubali anapaswa kujua amekubali saa ya nani.

Tofauti nyingine ni ya kina zaidi. Programu huianza siku usiku wa manane. Kwa hesabu ya Kiislamu siku huanza jua linapotua, na usiku wa kuamkia Ijumaa tayari ni wa Ijumaa. Mwezi nao huanza kwa kuandama, na kuandama huthibitishwa na mashahidi walioona. Kiwango cha mwaka 2015 kimeiwezesha iCalendar kurudia matukio kwa kufuata kalenda zisizo za Gregori, lakini kanuni ya kurudia ni hesabu, ilhali kufunga Ramadhani kwa wanaofuata mwandamo ni hukumu juu ya ushahidi, inayotangazwa na mufti nchini Tanzania na kadhi mkuu nchini Kenya. Kalenda ya sikukuu inayoshushwa kutoka kwenye seva inabashiri tarehe. Haina mamlaka ya kuiamua. Inayafaa maandalizi, na inapaswa kurekebishwa tangazo likitoka.

John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alidai kwamba katika fikra za jadi wakati ni mfululizo wa matukio, na kwamba mustakabali wa mbali usio na tukio karibu haupo. Alizitumia dhana za Sasa na Zamani kueleza hoja yake. Wanafalsafa wengine, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana, waliipinga kwa kuonyesha jamii zinazoufikiria mustakabali wa mbali bila shida. Vyovyote mjadala huo unavyoamuliwa, kalenda ya kompyuta inasimama upande ulio kinyume kabisa na picha ya Mbiti: ni gridi tupu isiyo na mwisho, na tukio lisilowekewa tarehe ya kukoma hujirudia hata baada ya waliolipanga kufa. Anayeweka kikao cha kila wiki bila ukomo ametoa ahadi ambayo hakuna mwanadamu awezaye kuitimiza. Kuweka tarehe ya mwisho ni kuirudisha ahadi kwenye kimo cha binadamu.

Kurudisha amana

Uunganishaji haujakamilika hadi ijulikane jinsi ya kuutengua. Kuondoa akaunti katika Thunderbird hufuta mipangilio, na mtumiaji huchagua kama data iliyoshushwa ifutwe pia. Tokeni hufutwa kwenye ukurasa wa mtoa huduma, kwa sababu kuiondoa programu pekee huweza kuacha ruhusa ikiwa hai. Vyeti vilivyokubaliwa kwa kibali maalumu vifutwe katika orodha ya programu. Barua za IMAP zinaweza kunakiliwa kwenye folda za ndani ya kompyuta kabla ya kuhama, na kalenda husafirishwa kama faili la iCalendar ambalo seva nyingine inaweza kulisoma. Mtoa huduma anayeuzuia uhamisho huo ameshindwa katika sharti kuu la amana, ambalo ni kurudishika.

Kutengua kwa mwisho huja kwa kifo, na wengi hawakuandalii. Barua za marehemu zina hati na kumbukumbu ambazo warithi wanazihitaji, na zina siri za watu ambazo warithi hawana haki nazo. Wosia unaweza kumtaja mtu mmoja mwaminifu, kumwonyesha nenosiri la akaunti lilipohifadhiwa, na kumweleza kipi akabidhi na kipi afute. Mtu huyo anakuwa mpokezi wa mwisho katika mnyororo, na hapo hakuna cheti kitakachompima: atachaguliwa kwa uadilifu wake na kwa umadhubuti wake.